Upande wa Kushoto wa Sifuri

7 Machi 1994

Masika yameingia leo. Mvua imenikuta katikati ya njia nikitoka Chang'ombe, sina mwavuli, nimefunga, na nina disketi ya ofisi. Disketi nimeitia kwenye mfuko wa nailoni nikaificha kifuani. Mimi nimeloa chapachapa, yenyewe kavu. Mama kanitazama mlangoni akasema, "Ungekuwa unamtunza mume hivyo, mie ningekuwa bibi zamani." Mwenye saumu hajibu kila kitu.

Naanza kuandika humu kwa sababu sina wa kumwambia mambo ya kazi yangu. Aliyekuwepo ni Mwalimu Anselmo, jirani yetu wa nyumba ya tatu hapa Tandika. Ndiye aliyenifundisha hesabu tangu niko darasa la nne mpaka kidato cha sita, kwanza kibarazani kwake, halafu shuleni. Januari kiharusi kilimwangusha. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno yote yameondoka. Anatutazama tu.

Kwao ni Ndanda, Mmakonde. Sisi ni Wazaramo, na mama yangu na yeye ni watani wa kufa mtu. Mama anamwita "kinyago". Mimi hajaniita Zubeda hata siku moja, ananiita "Mzaramo". Na katika daftari zangu zote hajaandika "vizuri" hata mara moja. Nikipatia alikuwa anaandika "Endelea", basi. Tangu Januari hakuna anayeniita Mzaramo, na sikujua kama ningelikosa jina hilo namna hii.

9 Machi

Kazi mpya. Bwana Ansbert, bosi wangu, amepata mkandarasi anayevuta nyaya za umeme kwenye vilima vya Goba. Anataka programu ya kukokotoa tumbo la waya kati ya nguzo mbili. Pascal yetu, lugha ya kompyuta tunayoandikia programu, inakuja na saini, kosaini, logi, kipeuo cha pili na vichache vingine. Zile za haipaboliki hazimo, na vinyume vyake ndiyo kabisa. Itabidi nivitengeneze mwenyewe na kuviweka kwenye maktaba ya ofisi ili kila programu ivitumie.

Jambo lenyewe halina uchawi. Waya ukining'inia unafanya tumbo. Ukijua uko umbali gani kutoka chini ya tumbo, saini haipaboliki inakuambia mteremko wa waya hapo ulipo. Kinyume chake kinauliza kwa nyuma: mteremko ndio huu, je, niko wapi? Mwalimu alinionyesha hilo kwa kamba ya kuanikia nguo ya mkewe, Mama Stephano. Mama huyo alipiga kelele kwamba shuka zake zinagusa mchanga, na Mwalimu akamwambia avumilie, hiyo ni elimu.

14 Machi

Idd. Nimewapelekea pilau. Mama Stephano anamlisha Mwalimu kwa kijiko. Mkono wa kulia wa Mwalimu amemfungia penseli kwa kitambaa ili vidole vikumbuke kazi. Penseli inaning'inia tu.

Mara mkono wa kushoto wa Mwalimu ukainuka kutaka kijiko. Mama Stephano akaushusha taratibu, kama unavyomshusha mtoto kwenye kiti cha mgeni. "Sio huo, baba," akamwambia. "Huo sio mkono wa kulia chakula mbele za watu." Mwalimu akauacha ulale mapajani. Nami niliona ni sawa, maana ndivyo tulivyolelewa sote. Nilisogea nikakaa upande wake wa kulia, nikaushika ule mkono usiosikia.

Halafu Mama Stephano akaniambia habari iliyonitibulia Idd. Stephano, mwanawe, amepiga simu kwa padri. Barabara ya kusini ikikauka anakuja kuwachukua, wakaishi Ndanda moja kwa moja. Sasa hivi gari halipiti, matope ya Rufiji yamefunga njia. Kwa hiyo nina masika haya tu. Wakishaondoka, mimi ni nani wa kwenda Ndanda? Nataka mtu huyu aseme neno kabla barabara haijakauka. Neno lolote.

18 Machi

Mvua. Umeme wa mgawo umekatika. Kompyuta imelala, na sisi tumelala.

19 Machi

Mvua.

24 Machi

Kinyume cha saini haipaboliki kimekamilika. Nimekitoa kitabuni: chukua namba, iongezee kipeuo cha pili cha mraba wake jumlisha moja, kisha tafuta logi asilia. Mstari mmoja. Nilimwita Bwana Ansbert aje aone. Nikaingiza moja, ikajibu. Nikaingiza mbili, kumi, mia, ikajibu. Nikajiona mtu.

Bwana Ansbert ni mtu wa kubonyezabonyeza. Akaandika alama ya kutoa na milioni moja mbele yake. Programu ikafa papo hapo.

"Sista, mbona imezimika?"

"Bosi, hakuna waya duniani wenye mteremko wa hasi milioni."

"Mie sijui waya. Ila umesema maktaba, kila mtu atachota. Mwingine atachota hasi."

Nimekasirika mpaka nyumbani. Nimekasirika kwa sababu ana haki. Kwa namba hasi kubwa, kipeuo kinakaribia kuwa sawa na namba yenyewe, kompyuta inakata mkia, na ukijumlisha hizo mbili unabaki na sifuri kavu. Logi ya sifuri haipo. Kila kilicho kulia kwa sifuri nilikipima, kushoto sikugusa. Mwalimu angelinishika masikio.

3 Aprili

Pasaka. Wenzao wa jumuiya wamejaa nyumbani kwa Mwalimu, wanasali na kunong'ona. Kila mtu anaongea naye polepole na kwa huruma, kama anaongea na mtoto aliyelala. Mwalimu, aliyekuwa akisikika hadi sokoni Tandika akimfokea mtu aliyesahau alama ya kutoa!

Nilimsomea tatizo langu la namba hasi. Alinitazama muda mrefu. Mkono wa kushoto ulicheza kidogo mapajani. Mama Stephano akaufunika kwa kanga.

Namlaumu huyu mama. Nasema kweli, namlaumu. Anasubiri tu barabara, amekwisha kufunga na vyombo.

11 Aprili

Siku kadhaa za jua. Mtaa mzima umefurahi, nguo zimeanikwa hadi kwenye miiba ya ua. Mimi nimelinunia jua. Kijana wa duka la mitumba kaniambia magari ya Lindi yameanza kujaribu njia. Nimeomba mvua. Watu wa bondeni maji yamewaingia ndani wiki iliyopita, na mimi naomba mvua. Mungu anisamehe.

13 Aprili

Imenyesha. Basi la Lindi limenasa Kibiti. Nimekula vizuri leo.

15 Aprili

Nimetia kiraka kwenye programu: namba ikiwa hasi kubwa, iandike "haikubaliki". Bwana Ansbert amesoma akasema, "Haikubaliki na nani?"

23 Aprili

Lazima niandike yote ya leo, na niandike vizuri.

Mama alikuwa hajamtania Mwalimu tangu Januari. Nilipomuuliza alisema ulimi unamwia mzito, anaogopa kumcheka mtu aliyeanguka. Leo asubuhi tulikwenda wote wawili. Tulikuta wageni wamekaa kimya pembeni mwa ukuta, Mama Stephano anawahudumia kahawa, na mzee mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Alikuwa mtu mzuri sana."

Alikuwa! Mwenyewe amekaa palepale kwenye kiti, macho wazi.

Nilimwona Mama anabadilika uso. Akavua viatu, akaingia katikati ya mkeka, mikono kiunoni.

"Hee! Hapa kuna msiba? Nani kafa? Mbona mie mtani wake sijaitwa nije kugaragara?"

"Bi Tunu, mgonjwa..." alianza Mama Stephano.

"Mgonjwa gani? Huyu Mmakonde namjua mie. Kakaa kama kinyago kilichomshinda aliyekichonga, eti haongei! Miaka yote hii anaongea yeye tu, kachoka, kaona akae ahudumiwe. Nyie mnamnong'oneza, yeye anawacheka moyoni."

Wageni waliinamisha vichwa. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mama akachukua kikombe cha kahawa kutoka kwenye sinia. Akakihamishia, makusudi, kila mtu anaona, mkono wake wa kushoto. Akakisogeza mpaka mbele ya mkono wa kushoto wa Mwalimu.

Kwa jirani mwingine yeyote hilo ni tusi la kuvunja ujirani. Mtu humpi kitu kwa kushoto. Mtani tu ndiye mwenye ruhusa.

"Haya, shika, kinyago. Mzaramo nakupa kwa kushoto. Sina adabu. Utanifanya nini?"

Mwalimu alimtazama. Kona ya mdomo, ile nzima, ikapanda. Mkono wa kushoto ukatoka mapajani, ukashika kikombe. Haukutetemeka hata kidogo. Akanywa. Akanywa mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu Januari, mbele ya watu, na Mama Stephano hakuthubutu kuushusha, kwa sababu utani hauingiliwi.

Akamaliza, akamrudishia Mama kikombe kwa mkono uleule. Mdomo ukaanza kuhangaika.

"Ngo..." akasema. "Ngo... ma." Akapumzika. "Ngoma. Tu."

Mama alipiga kigelegele hadi kuku wakakimbia. "Amenitukana! Mmesikia? Kasema Wazaramo kazi yetu ngoma tu! Kanitukana, mtani wangu mie!" Huku machozi yanamtiririka na anajifuta kwa kanga iliyokwisha kulowa.

Mama Stephano alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Akauchukua ule mkono wa kushoto, akaugeuzageuza kama kitu alichokipoteza ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Mie ndio niliukataza," akasema. "Wenyewe ulikuwa unataka."

Sote tuliukataza. Mimi nilikuwa nakaa kulia kwa adabu, nikishika mkono usiosikia, na mzima uko upande wa pili unasubiri kupewa kitu.

25 Aprili

Nimefuta "haikubaliki". Upande wa kushoto wa sifuri ni kama wa kulia ukiugeuza, basi. Namba ikija hasi, ivue alama yake, ifanyie hesabu upande wa kulia ambako hakuna kutoa, kisha irudishie alama yake. Mistari mitatu. Nimeingiza hasi milioni, imejibu bila kusita. Bwana Ansbert kaijaribu hasi bilioni, na hiyo imejibu. Akaniambia, "Sista, leo umekunywa nini?" Nikamwambia kahawa.

26 Aprili

Nilimpelekea Mwalimu karatasi ya majibu. Mama Stephano mwenyewe ndiye aliyemtia chaki mkono wa kushoto, akamsogezea kiti mbele ya mlango wa chumba, ambao tangu zamani ndio ubao wa nyumba ile. Nikamweleza nilichofanya. Akasikiliza. Akachora mstari mrefu uliopinda, katikati akaweka 0. Akapiga alama ya vema upande wa kulia. Akapiga alama ya vema upande wa kushoto.

Kisha akaizungushia ile 0 duara, akaigonga kwa chaki mpaka chaki ikakatika.

"Hapo kuna nini, Mwalimu?"

Akagonga tena. Maneno hayakuja. Akafumba macho, amechoka.

2 Mei

Mvua. Nafikiria duara.

6 Mei

Nimeliona! Namba ikiwa ndogo mno, karibu kabisa na sifuri, fomula inaijumlisha kwanza na moja na ushee. Kompyuta inabeba tarakimu chache tu, kwa hiyo mkia wa namba ndogo unakatwa. Ni sawa na kutaka uzito wa kipini cha pua kwa kumpima mwanamke aliyekivaa, halafu kumpima akiwa amekivua. Jibu linatoka, halina hata aibu, lakini nusu ya tarakimu zake ni uongo. Na waya uliovutwa vizuri, mteremko wake ndiyo namba ndogo hizohizo.

Bwana Ansbert kasema tofauti yenyewe ni unywele, mkandarasi haioni. Nikamwambia maktaba si ya mkandarasi peke yake. Akacheka, maana maneno ni yake.

10 Mei

Karibu na sifuri situmii logi kabisa. Jibu ni namba yenyewe, ukitoa kipeo chake cha tatu kilichogawanywa kwa sita, na vijukuu vichache vinavyofuata. Tarakimu zote zimetulia, kulia na kushoto zinafanana kama pacha. Nimemwambia Mwalimu. Alikuwa na homa, sijui kama alisikia.

12 Mei

Homa ipo bado. Hajasema neno jipya.

16 Mei

Homa imeshuka. Leo amesema "maji" na "mlango". Mama kila asubuhi anapita kumtukana kidogo kabla ya kwenda sokoni. Anasema ni dozi.

21 Mei

Idd el Hajj. Nilikaa na Mama Stephano kwenye ngazi ya nyuma, tunachambua mchele. Sijui kwa nini nilimuuliza moja kwa moja.

"Mama, lazima muondoke?"

Hakukasirika. Aliendelea kuchambua. "Zubeda, mwanangu, mie namgeuza baba yako huyu kitandani peke yangu tangu Januari. Mgongo wangu hausimami. Ndanda nina dada zangu, nina wifi zangu. Nikisema nimechoka, kuna mtu wa kunipokea. Hapa nikisema nimechoka, namwambia nani?"

"Ungetuambia sie."

"Mngeniambia pole."

Kweli ningemwambia pole. Nilidhani mama huyu anamchukua Mwalimu wangu. Kumbe amembeba mgongoni masika yote, na mimi nilikuwa naomba mvua izidi kumnyeshea. Nimechambua mchele wote uliobaki, nikamwambia akalale.

22 Mei

Nimeanza kwenda jioni kumgeuza Mwalimu na kumwogesha miguu. Mama anakuja pia. Mama Stephano analala.

30 Mei

Jua. Sikulinunia.

4 Juni

Wameondoka leo.

Stephano alikuja na pikapu ya kuazima, yenye matope ya Rufiji mpaka kwenye kioo. Kijana mpole, ana uso wa baba yake bila ukali wake. Vitu vilipakiwa, godoro likawekwa juu. Tulipogeuka tukamkuta Mama amekaa juu ya godoro lile, kajifunga kanga kiunoni, miguu inaning'inia.

"Gari haliondoki. Mie mtani, sishuki mpaka nilipwe."

Stephano, kwa heshima, akatoa noti. Mama akaisukuma. "Shikilia hela yako, baba. Nataka kinyago mwenyewe anilipe."

Mwalimu alikuwa amekwisha kukaa kiti cha mbele. Akatoa kichwa dirishani. Alihangaika muda, mishipa ya shingo imemsimama, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu tumejifunza kutomsaidia.

"Shuka," akasema. "Shuka... bi... kizee."

"Nimelipwa!" Mama akaruka chini kama msichana. "Bi kizee! Kaniita bi kizee mbele ya watu! Haya, nendeni, nendeni salama, mtani wangu." Halafu akageuka akatazama ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Majirani wakapanga foleni dirishani kuaga. Mwalimu alimpa kila mmoja mkono wa kushoto. Wengine walisita, wengine waliushika kwa mikono yote miwili ili wasionekane hawana adabu. Nilipofika mimi nilimwamkia, shikamoo Mwalimu, nikatoa wa kushoto, mmoja tu, moja kwa moja. Akaubana kwa nguvu.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Ni yeye aliyetangulia kusema.

"Si... furi?"

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Gari linanguruma, mkewe anamfunika shuka, safari ya kutwa inamngoja, na yeye amekumbuka duara lake.

"Nimepima, Mwalimu. Karibu na sifuri tarakimu zote zimesimama. Na sifuri yenyewe inatoa sifuri."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akavuta pumzi, nikaona anakusanya kitu kikubwa. Kilitoka kizima, hakikuvunjika popote.

"Endelea, Mzaramo."

Gari likaondoka. Barabara ilikuwa kavu kabisa, likatimua vumbi hadi kwenye kona.

5 Juni

Mlango wao una mstari wa chaki bado, na duara. Mwenye nyumba anasema atapaka rangi. Nampenda Mwalimu yule. Nimeandika hapa kwa sababu sikumwambia.

9 Juni

Maktaba nimeikabidhi. Bwana Ansbert kabonyeza hasi zote alizoweza kuzifikiria, zote zimejibiwa.

Mvua hakuna. Nimefika nyumbani nimemkuta Mama amekaa kibarazani, anatazama nyumba ya tatu. Chai ilikuwa tayari. Alinimiminia kikombe, akakitazama kidogo, kisha akanipa kwa mkono wa kushoto. Nimekipokea kwa wa kushoto, nikanywa.